Karatasi Namba Sabini na Moja

Kaeni chini, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu ya kumfikia mtoto wa dawati la mwisho imeshakwisha na sina nguvu ya kurudia neno. Sitiveni, keti hapo mkekani miguuni pangu na uiweke hiyo simu. Umepanda meli kutoka mjini Nuku'alofa kuja kumsikiliza mama yako, basi msikilize. Meliame, acha sufuria, chakula cha Jumapili kimeiva tangu mlipokuwa kanisani na hakuna atakayekufa njaa kwa kungoja. Wewe kaa upande huu ninaoweza kukuona. Mimi Fusi, mwalimu wa miaka thelathini na minane katika kisiwa hiki, niliyewafundisha kusoma nusu ya watu watakaokuja kunizika, nataka kuwaambia jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia, na mtu asinikatize mpaka nimalize, kwa sababu nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza, na nimeshanyamaza vya kutosha.

Nianze na mali, maana ndiyo nyepesi. Shamba na kiwanja hiki si vyangu kuvigawa. Vilikuwa vya baba yenu Hopoate, nami nimevikalia kwa ujane wangu, na nikifumba macho sheria inampa mwana wa kiume wa kwanza, yaani wewe, Sitiveni. Sigombani na sheria. Lakini nyumba hii Meliame ndiye aliyeifagia na kuiezua na kuiezeka upya baada ya vimbunga viwili, wakati wewe unasoma na kuoa na kupanda cheo, kwa hiyo nakuagiza, usije ukamtoa humu, na mkeo akianza tena kupima kuta kwa macho kama alivyofanya Krismasi, mwambie kwamba mama alimwona. Mikeka yote iliyo kwenye sanduku ni ya Meliame, aliisuka mwenyewe. Ile ngatu ndefu, nguo ya magome tuliyoigonga na wanawake wenzangu mwaka aliofariki baba yenu, isiguswe, nitasema ni ya nani. Saa ya ukutani niliyopewa siku ya kustaafu mpeni yeyote anayeitaka, haijawahi kusema ukweli tangu itundikwe.

Sasa nije kwa mwalimu Lesieli.

Usigeuze uso, Meliame. Mnajua simpendi, kisiwa kizima kinajua, na kila mtu ana hadithi yake kuhusu sababu, wengine wanasema ni mambo ya kwaya, wengine wanasema alimtazama baba yenu vibaya, masikini Hopoate, hakuna aliyewahi kumtazama zaidi yangu mimi. Sababu ni wivu. Hakuna nyingine. Nilimwonea wivu tangu siku aliposhuka melini na sanduku lake la bati, mimi nikiwa mwalimu wa miaka sita kazini, nimenyooka kama rula, na watoto waliotumwa kwenda kumpokea wakarudi wakiimba wimbo ambao aliwafundisha njiani kutoka gatini mpaka shuleni. Njiani tu. Mimi wimbo wa kumpokea mkaguzi niliwafundisha wiki tatu na bado waliuimba kama wanasukumwa.

Nyinyi mnajua desturi ya shuleni kwetu, mtoto humpokea mwalimu kapu lake asubuhi pale kwenye njia panda. Kapu langu lilibebwa na yule aliyekuwa zamu. Kapu la Lesieli waligombania, nikaona kwa macho yangu watoto wawili wakilibeba kwa pamoja, kila mmoja na mpini wake, na wa tatu akishika kitako chake ili naye aseme amebeba. Viazi vikuu vya kwanza vya msimu, ambavyo wazazi huwapelekea walimu, vilikuja kwangu vimeoshwa vizuri na salamu za heshima, na kwake vilikuja na udongo wake na mama mzima akikaa kibarazani kupiga soga mpaka chai inakwisha. Mimi sikuhitaji soga. Ila nilikuwa nachungulia dirishani kuhesabu waliokaa.

Na mkaguzi je? Siku ya ukaguzi kila mwalimu aliandaa meza yake ya chakula, mnakumbuka, na walimu hushindana kwa meza zile kuliko watoto wanavyoshindana kwa mtihani. Nikachoma nguruwe mchanga, nikapika majani ya magimbi kwa tui na nyama, nikafunika kwa kitambaa nilichokitarizi mwenyewe. Mkaguzi alikula kwangu mpaka akalegeza ule mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni. Halafu akaingia madarasani. Andalio langu la somo lilikuwa safi, kila kitu kwenye mstari wake. La Lesieli lilikuwa na doa la chai. Alipoondoka tukasoma taarifa yake katika chumba cha walimu, na kwa Lesieli ameandika, "Darasa lina uhai," na kwangu ameandika, "Nidhamu nzuri." Wanangu, wewe Sitiveni ni mwalimu, unajua. Hakuna mwalimu anayetaka kustaafu na nidhamu nzuri.

Yote hayo ningeyameza. Nililoshindwa kulimeza ni wewe, Meliame. Ulipoingia darasa la sita mwalimu mkuu aliniita akaniambia, "Mama Fusi, mwaka wa mtihani mwalimu hamfundishi mwanawe, ndiyo utaratibu. Mtoto anakwenda kwa Lesieli." Nikaitikia, ningefanya nini. Tangu siku hiyo nikawa nakula chakula cha jioni na Lesieli kila siku bila yeye kuwepo. Mwalimu Lesieli kasema hivi, mwalimu Lesieli kafanya vile, mwalimu Lesieli akikohoa anakohoa hivi. Siku moja nikakuuliza, "Na mimi je, si mwalimu?" Ukanitazama kwa mshangao, ukasema, "Wewe ni mama." Ulisema kwa upendo, sasa najua. Siku ile niliona umenivua kazi yangu.

Lesieli alikuwa na mwandiko wake. Herufi zimelala upande, zenye mikia iliyorudi nyuma na kuikamata herufi inayofuata, na kila mtoto aliyepita kwake alitoka nao, hata ukiwachanganya kumi hujui nani ni nani. Mimi wangu umesimama wima. Nilikukataza kuandika ule wake humu ndani. Daftari za nyumbani ulinionyesha jioni kwa jioni, herufi zote zimesimama kama askari wa ikulu, nami nikalala usingizi mzuri nikijua kwamba angalau mkono wako ni wangu.

Mtihani wenyewe mlifanya mwezi wa kumi, mifuko ikafungwa kwa lakiri ikapelekwa Nuku'alofa. Mwalimu mwenye mtoto kwenye mtihani haitwi kusahihisha, lakini mwaka ule mafua makali yaliwaangusha walimu wengi mjini, wakaniita, wakaniapisha kwamba mfuko wa kisiwa chetu ukifika mezani kwangu nitasimama niseme, "Huu ni wa kwetu," ili ubadilishwe na wa meza nyingine. Ndivyo walivyofanya wasahihishaji wote. Unasimama, unasema maneno manne, mtu anakuja kuuchukua, unaendelea na kazi. Nimewaona watu wakisimama mara nyingi wala hakuna aliyeinua kichwa.

Siku ya tatu wakaweka mfuko mbele yangu, nikatoa karatasi ya kwanza, nikakuta herufi zimelala upande. Karatasi hazina majina, ni namba tu, lakini nilijua niko kwetu kama mtu anavyojua ameingia nyumbani kwa kusikia harufu. Nilitakiwa nisimame. Nilishika hata ukingo wa meza. Kisha nikajiambia, ngoja kwanza nione.

Sikilizeni vizuri hapa, na wewe Sitiveni unayesahihisha kila mwaka usikilize kuliko wote. Nilitafuta mwandiko uliosimama wima. Nikaupata mmoja, mmoja tu katika mfuko mzima, nikasema moyoni, huyu ni mwanangu, nikampa ishirini na tatu juu ya ishirini na tano. Insha haikuwa mbaya. Haikuwa ya ishirini na tatu.

Halafu nikafika namba sabini na moja. Mada ya mwaka ule ilikuwa mtu unayemheshimu, na kutaja jina la mtu ilikuwa kosa. Mtoto huyu aliandika juu ya mwalimu wake. Aliandika kwamba mwalimu wake huimba kwa sauti ndogo anapofuta ubao akidhani darasa limetoka. Kwamba ni mkali mbele ya watu, lakini asubuhi kabla ya kengele hupita dawati kwa dawati kwenye darasa la watoto wadogo akifuta viti kwa upindo wa sketi yake ili wasichafue nguo zao. Kwamba hasifii mtu, lakini akisoma kazi nzuri kidole chake husimama pale penye sentensi kwa muda, na mtoto yule alisema hujitahidi kila siku kuandika sentensi moja ya kukisimamisha kidole kile. Nimesahihisha insha maisha yangu yote na sijasoma nyingine kama ile kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nikajua ni Vika, yule mtoto kipenzi cha Lesieli ambaye kila mtu alisema atakuwa wa kwanza kisiwani. Nikajua Lesieli atasifiwa kwa ajili yake mpaka tuzeeke. Na roho iliniuma, wanangu, si kwa sababu mtoto aliandika vizuri, ila kwa sababu nilitamani kuwa yule mwalimu. Nilitamani mtoto mmoja, hata mmoja, aniangalie namna ile.

Nikaandika tisa. Kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika, "Hajajibu swali."

Nipe maji, Meliame. Kidogo tu. Hapo panatosha.

Matokeo yalipokuja, mwalimu mkuu aliyabandika mlangoni, namba na jina. Nikasukuma watu kutafuta jina la mwanangu kwenye waliofaulu. Sikuliona. Nikalitafuta chini ya mstari, nikaliona, na ubavuni mwake kulikuwa na sabini na moja; kumbe mwandiko wangu uliuandika nyumbani tu. Ulikosa kwa alama sita. Ile ya mwandiko uliosimama ilikuwa ya mtoto wa kiume aliyehamia kwetu mwaka ule kutoka kisiwa kingine, ambaye mwalimu wake wa zamani alikuwa mkali wa mwandiko kama mimi; alifaulu, leo ni mtu mkubwa mjini, na nikikutana naye kanisani hunipa mkono na kunishukuru bila kujua anashukuru nini. Vika naye alifaulu kwa karatasi yake mwenyewe, hata sikumbuki ilikuwa ipi.

Ulikuja jikoni, mwanangu, nguo ya shule bado mwilini. Ukasema, "Mama, wanaruhusu kuomba karatasi isomwe tena. Niombee. Insha niliandika vizuri, najua." Na mimi nilijua kuliko wewe. Tulikuwa na mwezi mzima wa kuomba, barua moja ingetosha, lakini barua ile ingewafanya waitoe karatasi, wauone mkono wangu juu yake, waniulize kwa nini sikusimama. Nikakujibu, "Tusijitie aibu. Kama hukufundishwa, hukufundishwa." Nilipoyasikia maneno hayo yanatoka kinywani mwangu nikaona yana faida, nikaendelea kuyasema. Niliyasema kwenye kikundi cha akina mama. Niliyasema kwenye kamati ya shule, nikilia, kwamba Lesieli alimtelekeza mwanangu kwa kunikomoa. Nani angemkatalia mama anayelia? Mwaka mpya ulipoanza Lesieli akahamishiwa kisiwa cha mbali cha Niuafo'ou, ambako meli inafika ikijisikia, akakaa huko miaka kumi na mmoja.

Siku anaondoka watoto walilia gatini mpaka nahodha akapunguza mlio wa honi. Wewe ulimvika shada la maua, nikakuona, na nawaapia, hata siku ile, nikiwa nimeshamshinda, nimeshamfukuza kisiwani, nilichowaza ni kwamba mimi hujawahi kunisukia shada zuri kama lile. Ukakataa kurudia mtihani. Ulisema bila mwalimu Lesieli hurudii, nami sikukulazimisha, kwa sababu nilichoka kulisikia jina lake. Ukakaa nyumbani. Ukasuka mikeka, na kwa mikeka hiyo kaka yako akasoma akawa mwalimu, na siku ya mahafali yake ulishona suruali yake ukasimama nyuma kabisa ya ukumbi. Kazi aliyonayo Sitiveni ndiyo uliyoitaka wewe. Na ungekuwa mwalimu wa kumshinda Lesieli, na mimi.

Usilie bado, Sitiveni, na usimwangalie dada yako sasa hivi, mpe heshima yake.

Kwa nini nasema leo. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi hapo mlangoni, Meliame akinichana nywele, na sahani ya Lesieli imeshafunikwa kitambaa tayari kuvushwa ng'ambo ya barabara, maana tangu yule bibi arudi na kustaafu hajakosa sahani ya Jumapili kutoka nyumba hii. Nikaona sahani ile ina kipande kizuri kuliko changu. Mzee wa miaka themanini na mmoja, sina meno ya kukitafuna, na bado nikaona. Nikamwambia, "Yule alikupa nini hata umtunze kuliko unavyonitunza mimi?" Meliame akacheka, akaniambia, "Mama, bado una wivu tu? Hata ile insha ya mtihani nilikuandika wewe. Mwalimu Lesieli alituambia tumwandike mtu tuliyemchungulia, tusiandike anayependwa na wote. Nikakuandika wewe unavyofuta viti." Akaendelea kunichana nywele, akabadilisha mazungumzo, akazungumzia bei ya ukili.

Mimi ndiye nilikuwa nikifuta viti vile. Nilikuwa nikifanya hivyo kila asubuhi bila kuwaza na sikujua kama ni kitu, hata nilipoisoma ile karatasi sikujitambua, wala sikujua kama kuna aliyeniona. Nilimwonea wivu mwalimu yule wa kwenye karatasi kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote, nikamkata alama, na alikuwa mimi.

Sasa maagizo. Pumzi inakuwa fupi, nisikilizeni. Siku ya maziko Lesieli akalishwe upande wa kichwa changu, mahali pa heshima, mbele ya shangazi zenu wote, na wakiuliza waambieni Fusi ndiye aliyeagiza. Ngatu ile ndefu ni yake, itandikwe chini yake akiwa bado anatembea, asije akaipata ya kufunikwa akishakufa. Najua atalia vizuri, siku zote alikuwa na kilio kizuri, na watu watasema angalieni moyo wa Lesieli. Wataacha kunililia mimi wamlilie yeye. Inaniuma hata sasa nikifikiria. Mwacheni alie.

Sitiveni, kabla ya mahubiri usimame kanisani uyaseme haya yote, karatasi na namba na tisa na kamati, kwa sauti yako ya ualimu, usimung'unye. Usiseme mama alikosea. Sema alifanya. Na wewe kazini, mfuko ukikujia mezani na ukaujua, simama. Usingoje kwanza uone.

Mungu awabariki. Sitiveni, awape wanafunzi wako... awape ujasiri wa kukuchungulia, na wakuone ukifanya jambo jema. Meliame. Mungu akubariki kwa kila mkeka. Mkono wako humu mkononi mwangu umekuwa baridi. Hukuutoa, lakini umekuwa baridi, nasikia.

Sikuulizi kitu. Usinijibu hapa, mbele ya kaka yako, kwa sababu tu nakufa. Miaka yote hii ukivuka barabara na sahani mimi nilikuwa nahesabu... nilihesabu dakika unazokaa kwake. Leo sihesabu. Nenda kwa Lesieli. Mwambie kabla hujaniambia mimi neno lolote, na ulie kwake, maana ndiko unakotaka kulia, nami nimeshakuzuia sana. Kaa hadi utakapotosheka. Ukirudi utanikuta... nitajitahidi unikute. Na usiporudi nitajua ni haki.

Sitiveni. Mpishe dada yako apite.